Namna ya kumfungia mtoto swichi ili kichezeo akiwashe mwenyewe

Binti yangu ana mtindio wa ubongo. Sasa ana miaka tisa. Mikono yake hukaza anapotaka kuitumia, na kadiri anavyokitaka kitu ndivyo inavyozidi kukaza. Hadi alipotimiza miaka mitatu, vichezeo vyote vya nyumbani tulimchezea sisi. Mimi nabonyeza, mbwa wa manyoya anabweka, yeye anacheka. Kaka yake anabonyeza, mbwa anabweka, yeye anacheka. Nikaamini kwamba anacheza. Mtaalamu wa tiba kazi aliyekuwa akimwona ndiye aliyeniuliza: "Mama, tangu asubuhi mpaka usiku, ni kitu gani huyu mtoto hukianzisha yeye mwenyewe?" Nilifikiri muda mrefu. Jibu nililopata lilikuwa moja tu: kulia.

Tangu siku ile nimefungua vichezeo vingi, nimeharibu kadhaa, nimefundishwa kulehemu na fundi redio, na nimewatengenezea wazazi wenzangu. Ninayoandika hapa ndiyo njia ninayowaonyesha wakija kwangu. Utahitaji kichezeo cha betri, waya mwembamba wa nyuzi mbili, karatasi ya aluminiamu ya kufungia chakula, plastiki ya jalada la faili, tundu na pini ya milimita 3.5, sponji, boksi gumu na utepe wa kunata. Utahitaji pia kujifunza kusubiri, na hilo nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo kazi ya wengi huharibikia.

Kuna watakaokuambia kwamba mtoto wa namna hii kwanza apate mazoezi ya viungo, kucheza kutakuja baadaye. Niliambiwa hivyo, na niliumia. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 31, unamtambulia kila mtoto haki ya kucheza. Haumtaki atembee kwanza. UNICEF ilikadiria mwaka 2021 kwamba watoto wenye ulemavu duniani wanakaribia milioni 240. Wapo wengi wanaokaa mbele ya kichezeo kizuri wakingoja mtu mwingine akiwashe.

Usishike bisibisi kwanza. Mtazame mtoto

Swichi yoyote ni mlango, na mlango huwekwa mahali mtu anapoweza kufika. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutafuta mjongeo mmoja wa mwili wake ambao unaweza kuutegemea. Mtazame siku tatu nne akiwa amelala, amekaa, anaogeshwa, anapoona mtu anayempenda akiingia. Andika. Je, anapofurahi hupiga mguu? Huinua kidevu? Husukuma kiwiko nje? Huegemeza kichwa upande mmoja?

Mjongeo unaoutafuta una sifa hizi: anaweza kuurudia mara kadhaa bila kuchoka, haumwumizi, haumkazi mwili mzima, na anaweza kuuachia. Hilo la kuachia wengi hulisahau. Mtoto anaweza kubonyeza vizuri kabisa halafu mkono ukabaki palepale umeganda juu ya swichi, na kichezeo kikaendelea kulia mpaka kinamchosha. Kubonyeza ni nusu ya kazi.

Usione aibu kama mjongeo wenyewe ni mdogo. Mwanafizikia Stephen Hawking, katika miaka yake ya mwisho, aliandika vitabu na kutoa mihadhara kwa kutumia msuli mmoja wa shavu, uliosomwa na kihisio kilichofungwa kwenye miwani yake. Goti linatosha. Shavu linatosha. Upande wa kichwa unatosha, na kwa watoto wengi wenye mtindio wa ubongo kichwa hutii kuliko mikono.

Kwa binti yangu mimi nilikosea. Nilidhani mkono wa kulia ndio bora kwa sababu ndio aliokuwa akiunyoosha mara nyingi. Nikaweka swichi kulia, mbwa nikamweka kushoto ili amwone vizuri. Kila alipogeuza kichwa kushoto kumtazama mbwa, mkono wa kulia ulijikunja na kurudi kifuani, mbali na swichi. Nikadhani hataki. Yule mtaalamu alikuja akatazama dakika mbili, akanieleza: watoto wachanga wote wana mwitiko wa mwili ambao kichwa kikigeuka upande mmoja, mkono wa upande huo hunyooka na ule mwingine hujikunja. Kwa kawaida mwitiko huo hupotea ndani ya miezi michache ya kwanza. Kwa watoto wengi wenye mtindio wa ubongo hubaki. Mwanangu alikuwa akitaka kwa moyo wote, na kule kutazama kwake ndiko kulikomnyang'anya mkono. Tukamleta mbwa katikati, sawa na pua yake, na swichi tukaiweka katikati karibu na tumbo. Siku hiyohiyo aligusa.

Kichezeo kinachofaa

Kinachofaa ni kile cha betri za kawaida, zile za volti 1.5, chenye kitufe cha kuwasha na kuzima ambacho ukikisukuma kinabaki hapo. Mbwa anayetembea na kubweka, gari, treni, feni ndogo, taa inayozunguka. Kabla hujanunua au kufungua, fanya jaribio hili: washa kichezeo kikiwa kinafanya kazi, halafu toa betri moja bila kugusa kitufe, kisha irudishe. Kikianza tena chenyewe, kinafaa. Kikikaa kimya mpaka ubonyeze kitufe kingine tumboni au mkononi, hicho kitahitaji kufunguliwa na waya kuunganishwa kwenye kitufe chenyewe, kazi ambayo ni ya fundi au ya siku utakapokuwa umezoea. Jaribio hili huchukua nusu dakika na lingeniokolea vichezeo vitatu.

Usichague kwa macho yako. Tazama anachokipenda mtoto. Binti yangu hakujali taa kabisa. Alitaka sauti na kitu kinachokwenda. Mtoto wa rafiki yangu, mwenye usonji, hakutaka sauti hata kidogo, ila angekaa saa nzima mbele ya kitu kinachozunguka. Wapo watoto ambao macho yao ni mazima lakini ubongo hushindwa kupanga kinachoonekana. Hao wasaidie kwa kutandika kitambaa cheusi nyuma, ukaweka kichezeo kimoja tu, cha rangi moja inayowaka kama nyekundu au njano, na kinachosogea. Meza iliyojaa vitu kwao ni kelele.

Angalia sauti pia. Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo hushtuka mwili mzima kwa sauti ya ghafla. Bandika utepe mnene juu ya matundu ya spika, tabaka moja au mawili, mpaka sauti ishuke.

Na mheshimu kwa umri wake. Mtoto wa miaka kumi na miwili hahitaji njuga ya mtoto mchanga hata kama mikono yake haijui kushika. Mpe feni, mpe redio ya betri, mpe taa ya rangi chumbani mwake.

Ulimi wa betri

Hiki ndicho kifaa chenyewe, na ni kidogo kuliko unavyofikiri. Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye kichezeo, hurudi kwenye betri. Ukiukata mzunguko huo mahali popote, kichezeo hunyamaza. Tunaukata hapo kwenye betri kwa kuchomeka ulimi usiopitisha umeme, kisha tunaubebesha ulimi huo nyaya mbili zinazokwenda kwenye swichi. Mtoto akibonyeza, nyaya mbili hukutana na umeme unapita tena. Kichezeo hakikuguswa wala kukatwa. Ukiutoa ulimi, kinarudi kama kilivyokuwa, na kaka au dada anaweza kukichezea.

Kata plastiki nyembamba lakini ngumu kiasi, kama ya jalada la faili, umbo la kijiko: kichwa cha mviringo chenye upana wa sentimita moja na nusu hivi, ambao ndio upana wa betri ndogo ya kawaida, ile ya AA, na mkia mwembamba wa kushikia. Kata vipande viwili vya karatasi ya aluminiamu vya mviringo, vidogo kidogo kuliko kichwa cha plastiki, ili pembeni ibaki plastiki tupu ya kama milimita moja pande zote. Ukingo huo mtupu ndio roho ya kifaa. Ulimi wangu wa kwanza niliukata plastiki na aluminiamu sawasawa, kingo za pande mbili zikagusana, na mbwa akawa anatembea bila kukoma. Binti yangu alibonyeza, mbwa akaendelea. Akaacha, mbwa akaendelea. Baada ya dakika chache akaangalia pembeni, hakutaka tena. Nilikuwa nimemfundisha kwamba mkono wake hauna maana. Kwa hiyo jaribu kila kifaa wewe mwenyewe mara kumi kabla hakijamfikia mtoto.

Chuna ncha za waya wako wa nyuzi mbili kama sentimita moja. Tawanya nyuzi za shaba ziwe bapa kama ufagio. Laza waya mmoja upande mmoja wa plastiki, funika kwa kipande cha aluminiamu, bandika kingo kwa utepe ukiacha katikati wazi. Geuza, fanya hivyo hivyo kwa waya wa pili. Usijaribu kuulehemu waya kwenye aluminiamu, risasi ya kulehemia haishiki. Ukipata bati jembamba la shaba badala ya aluminiamu, hapo unaweza kulehemu na ulimi utadumu miaka. Na usikate waya wa spika za masikioni zilizokufa ukautumia, ingawa unavutia kwa wembamba wake: nyuzi zake zimepakwa rangi isiyopitisha umeme na zitakusumbua.

Ncha nyingine ya waya huo ifunge kwenye tundu la milimita 3.5, lile linaloingia pini ya spika za masikioni. Chagua la njia moja, linaloitwa mono. Ungeweza kuunganisha swichi moja kwa moja bila tundu, lakini nakusihi usifanye hivyo. Milimita 3.5 ndicho kipimo ambacho karibu swichi zote za watu wenye ulemavu hutumia duniani. Ukikifuata, swichi uliyotengeneza kwa boksi leo itaingia kwenye kichezeo chochote kilichorekebishwa, na swichi ya dukani utakayopewa kesho itaingia kwenye mbwa wako. Kifaa cha Microsoft cha kuchezea michezo ya Xbox kwa watu wenye ulemavu, kilichotoka mwaka 2018, kina matundu 19 ya kipimo hichohicho mgongoni.

Sasa fungua mlango wa betri, chomeka ulimi kati ya kichwa cha betri chenye alama ya kujumlisha na bati lake. Upande wa springi usiutumie kama unaweza, kwa sababu springi hukwaruza na kutoboa aluminiamu. Kichezeo washa, kiache katika hali ya kuwaka. Kinyamaze. Gusanisha nyaya mbili za swichi, kianze. Kama mlango wa betri haufungi kwa sababu ya waya, kata kijipengo kidogo pembeni kwa kisu chenye moto, kisha ufunge kwa skrubu yake. Mlango wa betri uliofungwa kwa utepe tu haukubaliki mbele ya mtoto anayepeleka kila kitu mdomoni.

Swichi ya boksi na sponji

Kata vipande viwili vya boksi gumu, sentimita 12 kwa 12. Kila kimoja gundisha aluminiamu upande mmoja, ukiacha ukingo wa sentimita moja bila kitu. Bandika waya uliochunwa juu ya kila aluminiamu, ncha zake nyingine zifunge kwenye pini ya milimita 3.5. Kata sponji ya ukubwa uleule, unene wa nusu sentimita, toboa tundu la mviringo katikati lenye upana wa kama sentimita tano. Weka sponji katikati kama mkate wenye kitu ndani, aluminiamu zikitazamana. Funga kingo kwa utepe, visha kitambaa cha rangi anayoiona vizuri.

Ukibonyeza, aluminiamu hukutana kupitia tundu. Ukiachia, sponji huzitenganisha. Hapo ndipo unapoweza kumpimia mtoto wako kama fundi cherehani. Anabonyeza kwa nguvu ndogo? Panua tundu au punguza unene wa sponji. Mkono wake mzito unalala juu ya swichi na kuiwasha bila yeye kukusudia? Ongeza unene. Wangu alihitaji sponji ya sentimita moja na tundu dogo, kwa sababu uzito wa mkono wake tu ulitosha kuwasha ile ya kwanza. Swichi za dukani zina kitufe kizuri kinachotoa mlio mdogo unaposhuka, na mlio huo humsaidia mtoto kujua amefika. Lakini hazina huruma ya sponji. Mimi hutumia zote mbili.

Kama huwezi kuzipima mwenyewe, mpango wa Makers Making Change ulioko Kanada hutoa bure kwenye intaneti michoro ya swichi nyingi na vichezeo vya kurekebisha. Mchukulie fundi wa elektroniki michoro hiyo, ataielewa.

Mkalishe kwanza

Mkono hauwezi kufanya kazi kama mwili unapigana usianguke. Makalio yaingie nyuma kabisa ya kiti, nyonga na magoti vikunjwe karibu pembe mraba, nyayo zikanyage kitu. Miguu ikining'inia, weka boksi chini yake. Meza ifike usawa wa viwiko. Swichi ibandike isiteleze hata kidogo, kwa mkanda wa kunata au kitambaa cha mpira, kwa sababu mtoto aliyejitahidi dakika nzima kufika hastahili kuona swichi ikikimbia. Kama hana kiti kizuri, mlaze ubavu na mto mgongoni. Watoto wengine hutumia mikono yao vizuri zaidi wakiwa wamelala hivyo, mikono ikikutana mbele ya macho. Muulize anayempa tiba ya viungo. Hili si la kubahatisha.

Kusubiri

Jioni ya kwanza tulikaa wanne kumzunguka. Baba yake, bibi yake, kaka yake na mimi. Mbwa mezani, swichi mezani. Tukaanza: "Bonyeza mama, bonyeza! Huyo mbwa! Bonyeza!" Binti yangu akakaza kuanzia shingo hadi vidole vya miguu, uso ukawa mwekundu, mdomo ukafunguka, mkono ukaenda kila mahali isipokuwa kwenye swichi. Akalia. Tukamshika mkono tukambonyezea. Mbwa akabweka. Hakucheka.

Jioni ya tatu nilibaki naye peke yangu. Nikawasha mbwa mara moja kwa swichi yake, pole pole, aone mkono wangu ukishuka na mbwa akianza. Nikaondoa mkono. Nikanyamaza, nikatazama mbwa, sikumtazama yeye. Nikahesabu kimoyomoyo. Ilipofika kumi, hakuna kitu. Ishirini, akavuta pumzi ndefu na ngumi ikalegea kidogo. Thelathini, bega likainuka, kiwiko kikateleza juu ya meza kama sentimita mbili kisha kikarudi. Nilitaka kumsaidia mpaka vidole vyangu viliuma. Ilipofika arobaini na saba, ngumi ilipanda juu ya ukingo wa swichi ikaangukia katikati, na mbwa akabweka. Alishtuka. Mkono ukatoka, mbwa akanyamaza. Akautazama mkono wake. Akamtazama mbwa. Akautazama mkono tena. Halafu akaurudisha.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayomwambia kila mzazi. Mwonyeshe mara moja, kisha kaa kimya. Hesabu hadi sitini kabla ya kufanya lolote. Ubongo wake unapokea, unapanga, unatuma amri, amri inapotea njiani, inatumwa upya. Kila neno unalosema katikati linamrudisha mwanzo. Kama sitini zimepita, usimkamate mkono kwa juu. Weka mkono wako chini ya wake, uubebe mpaka karibu na swichi, kisha uache yeye amalizie. Anayeshikwa mkono kwa juu hujifunza kushikwa. Vipindi viwe vifupi, dakika tano hadi kumi, mara mbili kwa siku akiwa ameshiba na hana usingizi. Akichoka acha, hata kama wewe ndiyo kwanza umefurahi.

Akishajua kwamba yeye ndiye sababu, utaona dalili zake: anabonyeza kisha anatazama kichezeo kabla hakijaanza, anaacha makusudi ili aone kinanyamaza, anacheka kabla. Ukizima kichezeo kwa siri akabonyeza bila jibu, atabonyeza tena kwa nguvu au atakutazama. Huko kukutazama ni mazungumzo. Mjibu mara moja.

Mtoto anayeweza kupiga lakini hawezi kushikilia, mtafutie kisanduku cha muda. Hukaa kati ya swichi na kichezeo, na kwa pigo moja huwasha kichezeo kwa sekunde ulizopanga, au mpaka apige tena. Hicho ni bora kununua au kumpa fundi, maana kutengeneza kwa mkono kunahitaji sakiti.

Kutoka kubweka hadi kusema

Tulifika hapa baada ya miezi kadhaa. Kipo kifaa kidogo cha kurekodi sauti, kitufe kimoja kikubwa: unasema neno, mtoto akibonyeza linatoka. Wengi hurekodi "nataka kwenda chooni" au "asante". Naomba usianzie huko. Rekodi "tena!" kwa sauti ya mtoto wa rika lake. Mbembeze, simama, subiri. "Tena!" Mbembeze. Neno hilo lina nguvu juu ya watu wazima, na mtoto huligundua haraka. Neno la pili liwe "basi, sitaki". Mtoto asiyeweza kukataa hajapewa lugha.

Kando ya hapo tengeneza ubao wa picha: picha nne, baadaye nane, za vitu anavyovijali. Wewe ndiye uanze kuutumia. Ukisema "tucheze", gusa picha ya kucheza. Fanya hivyo wiki nyingi bila kumdai jibu, kama vile ulivyoongea na mtoto wako mwingine mwaka mzima kabla hajasema neno. Na hofu kwamba picha au mashine vitamfanya mtoto asizungumze kwa kinywa, iondoe. Utafiti uliofanyika kwa miaka mingi haukuona hivyo. Watoto wengine maneno yao ya kinywa huongezeka kidogo.

Simu uliyonayo inaweza kusaidia. Simu za Android na iPhone zote zina mpangilio wa kutumia swichi, kwenye iPhone tangu mwaka 2013. Simu huangaza vitu kimoja baada ya kingine, na mtoto hubonyeza kinapofika anachotaka. Kwenye Android, tangu toleo la 12, kamera ya mbele inaweza kulichukua tabasamu au kuinua nyusi kuwa ndiyo swichi. Lakini simu ije baada ya mbwa. Mtoto ambaye bado hajajua kwamba mkono wake huleta jambo, kioo humlaza tu. Na ukimpa, funga skrini kwenye programu moja ili mguso wa bahati mbaya usimtoe.

Hatari ambazo sizichezei

Kila ninachoeleza hapa ni cha betri ndogo. Kamwe usichomeke ulimi, swichi ya boksi wala waya wako kwenye kitu kinachotumia umeme wa ukutani. Vipo visanduku maalumu vya kuendeshea feni au mashine ya kusagia matunda kwa swichi, na hivyo hununuliwa. Betri za simu na za kuchaji zilizounganishwa ndani ya kichezeo usizifungue.

Betri bapa za umbo la kitufe ziondoe kabisa nyumbani, au zifungwe kwa skrubu. Zikimezwa zinaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili. Ukishuku tu kwamba imemezwa, nenda hospitali muda huohuo, usimtapishe, usisubiri dalili. Sumaku ndogo nazo ni hivyo: mbili zikimezwa huvutana tumboni na kutoboa utumbo. Kipande chochote kinachopita ndani ya roli ya karatasi ya chooni ni kidogo mno kwa mtoto anayetia vitu mdomoni, haidhuru ana miaka mingapi.

Mtoto mwenye kifafa muepushe na taa zinazomweka haraka haraka. Nyaya zipite nyuma ya meza, ziwe fupi, zisiweze kufika shingoni. Ukilehemu, fanya hivyo mbali na mtoto, fungua madirisha, nawa mikono kabla hujamgusa.

Kikigoma

Kitagoma. Anza na betri, weka mpya. Kisha toa ulimi kabisa: kichezeo kikiwaka, tatizo ni ulimi au swichi. Rudisha ulimi, chomeka pini yenye nyaya mbili zilizofungwa pamoja badala ya swichi: kikiwaka, swichi ndiyo mbovu, na mara nyingi ni aluminiamu iliyochanika katikati au waya uliokatika shingoni mwa pini. Mimi hukaa na ndimi tatu za akiba na pini mbili kwenye kopo, kwa sababu kichezeo kinachogoma katikati ya furaha ya mtoto hakitakiwi kugoma hadi kesho.

Binti yangu sasa ana swichi mbili, moja kila upande wa kichwa. Ya kushoto husogeza picha, ya kulia huchagua. Mbwa yule ametoboka sikio na bado anabweka. Anapokwenda shule au kwa bibi yake, begi lake hubeba karatasi niliyoiandika kwa herufi kubwa na kuibandika chini ya swichi, mahali ambapo mtu mzima anayeifunga lazima aione:

"Kichezeo mwekee katikati. Mwonyeshe mara moja. Kaa kimya. Hesabu hadi 60."